Mmea Uliooza Moyo

Mbishi alikuwa akiitoa mimea yake kwenye beseni, mmoja baada ya mwingine, wa nne ulipomwachia majani mkononi. Yalichomoka kama manyoya ya kuku aliyechovywa kwenye maji ya moto. Shinani yalikuwa meusi, na yalinuka kama tambara la kudekia.

Mbishi lilikuwa jina la utani. Nyumbani walisema angeweza kubishana hata na kivuli chake. Mimea hiyo sita alipewa na shangazi yake, mfanyakazi wa kitalu cha maua. Haikuhitaji udongo wala chungu. Iliishi imeshikilia ubao dirishani, ikinywa maji kwa majani.

"Si nilisema?" kaka yake alicheka. "Mmea bila udongo! Umefuga nyasi, dada."

"Nyamaza, wewe unayeunguza hata chai!"

Mama, fundi wa kushona, alisimamisha cherehani. "Umeisahau mpaka mmoja umekufa kwa kiu. Basi leo ubao huo unatoka. Nataka mwanga wa kushonea."

"Sijaisahau, mama! Kila Jumamosi naiweka majini nusu saa."

"Kwa hiyo mmea umejiua?"

"Sijui. Lakini ubao hautoki!"

Shangazi, aliyekuja kuchukua gauni lake, aliweka mkoba chini. "Wifi, subiri kidogo," alisema. Aliuchukua mmea uliokufa, akauminya shinani. Maji meusi yakadondoka sakafuni.

"Huu haukufa kwa kiu, umeoza moyo," alisema. "Wenye kiu hukauka ncha. Mtoto kasema kweli, maji aliupa."

Mbishi alimtazama kaka yake kwa ushindi.

"Na ukishaitoa majini," shangazi aliuliza, "unafanyaje?"

Mbishi alikumbuka vizuri alivyofundishwa na shangazi: kuikung'uta, kuilaza kichwa chini mpaka maji yatoke na ikauke, ndipo airudishe ubaoni. Alikumbuka pia wenzake wakimwita nje waruke kamba. Angeweza kusema aliilaza. Hakuna aliyemwona.

Aliinua kidevu. "Nilikuwa nairudisha ikiwa imelowa. Sikutaka kungoja. Mimi ndiye niliyeuua, si udongo, si kiu. Ila hii mitano siitupi, hata mkinifukuza pamoja nayo!"

Mama alijaribu kukunja uso, akashindwa. "Hivi huyu kaomba msamaha au katangaza vita?"

"Vyote viwili," kaka alisema.

Shangazi alitandika taulo mezani. "Ubishi si kitu kibaya, mwanangu. Leo umeubishia hata ule uongo uliokuwa mdomoni mwako. Sasa bishana na haraka yako. Kazi ikiachwa nusu huharibu hata ile nusu uliyoifanya vizuri."

Walikung'uta mimea mitano na kuilaza kichwa chini karibu na dirisha. Miwili ilikuwa laini kidogo shinani.

"Itapona?" Mbishi aliuliza.

"Bado sijui. Iache ikauke kwanza. Kesho vuta jani moja la ndani taratibu. Likikataa kutoka, mmea uko hai."

"Na ubao?" Mbishi alimgeukia mama.

"Utakaa mpaka kesho," mama alijibu, akikanyaga tena cherehani. "Kisha tutaona."

Nje, wenzake walimwita. Kamba ilikuwa tayari inapiga chini.

"Siji!" alijibu kwa sauti, akavuta kiti karibu na meza. Maji yalikuwa bado yanadondoka kwenye taulo.