Malori Manne Yaliyofika Rondo

Likwata, mlinzi wa ghala la korosho, alikuwa amelala kifudifudi mlangoni, nyundo bado mkononi, misumari imetapakaa. Ukuta wa kushoto haukuwepo tena.

"Roketi, afande," alisema Koplo Shaaban. "Magaidi wameirusha kutoka Msumbiji."

"Roketi gani hiyo, Shaaban, ivuke Ruvuma, iruke Newala nzima, ije kutafuta korosho za Rondo?" aliuliza Inspekta Brigita.

Koplo akapiga chafya.

Tangu mlipuko wa saa saba mchana, malori manne ya askari yalikuwa yamefika, na wakubwa wa Dar walishapiga simu mara sita wakitaka kusikia neno moja tu: ugaidi. Hata gaidi walikuwa naye tayari. Yassin, muuza vitenge, kosa lake kurudi kutoka Msumbiji wiki iliyopita. Saa kumi na mbili angepakiwa kwenda Dar. Brigita alishawaona waliopakiwa hivyo. Wengine mama zao wanawasubiri hadi leo.

"Nani alipiga simu kuripoti roketi?"

"Mzee Dadi. Mwenye shamba la mwisho, kule msituni."

"Na mlango huu nani aliuvunja?"

"Tembo, usiku wa jana. Marehemu alikuwa anautengeneza." Chafya nyingine.

Brigita alipitisha kidole kwenye tofali lililopasuka, akanusa. Machozi yakamtoka.

"Pilipili! Kijiji kizima kinapiga chafya tangu mchana na hakuna aliyejiuliza? Magaidi siku hizi wanatia viungo? Nani hapa anatengeneza mabomu ya pilipili ya kufukuzia tembo?"

Shaaban akainamisha kichwa. "Mzee Dadi. Ndiye anayewafundisha wenzake."

Walimkuta barazani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Saa saba ulikuwa wapi?"

"Msikitini. Si Ijumaa leo?"

"Imamu hakukuona. Waliokosa ni wawili, wewe na Likwata."

"Likwata hakosi Ijumaa!" Mzee alipaza sauti. "Miaka ishirini hakosi! Ningejuaje kama yumo..." Akajiziba mdomo, lakini alishachelewa.

"Endelea."

"Nilitaka kubomoa ukuta tu. Wallahi, ukuta tu. Nikazidisha baruti. Mke wangu aliuawa na tembo mwezi wa tatu, mchana kweupe. Ofisi ya wanyamapori nimeipigia mara kumi na moja. Mara hawapokei, mara gari halina mafuta. Roketi nimeitaja mara moja tu, mmekuja na malori manne."

"Na Yassin?"

"Nilijua mtamwachia."

"Nani alikwambia sisi tunaachia?"

Mzee akalia. Brigita alitaka kumfokea, akashindwa, na hilo likamuudhi zaidi.

Saa kumi na moja na nusu Yassin alifunguliwa pingu, akafungwa Mzee Dadi zilezile. Magaidi hawakuwepo, basi malori yakageuza, yote manne. Wanawake wakaanza kuwaita watoto waingie ndani mapema.

Brigita aliipigia ofisi ya wanyamapori. Simu ikaita mpaka ikakata.

"Hiyo ya kwanza," alisema Mzee Dadi kutoka nyuma ya gari.