Kipimo Kilichopanda Tena

Kila asubuhi, kabla ya uji kufika wodini, mtaalamu wa maabara aliingia akisukuma kitoroli chake cha sindano na vichupa. Binti wa fundi wa kuchomelea vyuma alimnyooshea mkono shingo upande.

"Si ulichukua damu jana?"

"Ya jana ilisema ya jana," alijibu yule bwana akimfunga mpira mkononi. "Leo tunaiuliza upya."

Binti aligeuzia uso ukutani. Alifanyiwa upasuaji baada ya kidole tumbo chake kupasuka, na sasa alikuwa amechoka na kila kitu: sindano, harufu ya dawa ya sakafu, kitanda kinacholia. Aliyemkera zaidi ni jirani yake wa kitanda cha pili, waliyemwita Chiriku kwa kupenda kusema. Alipasuliwa baada yake, naye ndiye huyo anafungasha nguo.

"Nitakusalimia jua," Chiriku alisema. Binti hakucheka.

Baba yake alipofika, nguo za kazi zikiwa na matundu ya cheche, alimkabili daktari mlangoni.

"Kwa nini wangu haruhusiwi?"

"Kuna kipimo cha damu kinachopanda mwili ukipambana na maambukizi," daktari alieleza. "Baada ya upasuaji kilishuka vizuri. Sasa kinapanda tena. Huenda usaha unajikusanya tumboni. Huenda si kitu. Hatupigi ramli, mzee, lakini hatuwezi kumwachia aende."

"Mnatibu mtoto au karatasi? Anakula, anatembea. Nileteeni fomu nisaini, nitamtunza nyumbani."

Daktari alimgeukia binti. "Unaumwa popote?"

"Hapana," alisema, kama alivyosema jana.

Kweli ilikuwa nyingine. Alikuwa akitetemeka chini ya blanketi na kuisingizia feni. Chini ya tumbo, kila alipokohoa, palichoma. Lakini akisema, safari ya nyumbani ingeota mbawa.

Baba alichukua kalamu. "Umesikia, daktari. Mwanangu hajawahi kunidanganya. Neno lake linanitosha."

Binti alijiinua kitandani.

"Baba, usisaini," alisema. Kisha akayatoa yote, ya baridi na ya maumivu, huku machozi ya hasira yakimtoka.

Baba aliweka kalamu chini.

Siku hiyohiyo alipigwa picha ya tumbo. Usaha ulikuwapo, palepale alipopaonyesha. Walimwekea mpira wa kuutoa, wakambadilishia dawa. Alinuna, alilalamika, aliichukia sindano ya kila asubuhi. Hata hivyo kila alipoulizwa alijibu kweli, mpaka homa ikaisha na kipimo kikashuka kabisa.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alimpa mkono. "Damu ilitushtua mapema. Ulipokubali kusema, tukajua pa kutazama."

Nje, baba alibeba mfuko begani.

"Siku ile nilikasirika, nikataka kukupeleka nyumbani na usaha tumboni," alisema. "Tulikosea sote, mama. Mimi nilibishana na kipimo, wewe ukaficha maumivu. Mgonjwa akificha, humfunga daktari mikono. Ukiumwa, sema, hata kama jibu litakuudhi."

"Basi nasema," binti alijibu. "Unakwenda mbio, na mshono unavuta."

Baba akapunguza mwendo.