Kundi la Walionyamaza

Walikutana posta, saa tano asubuhi, foleni imefika mlangoni. Dada mmoja wa gauni la bluu alikuwa amekumbatia maboksi mawili ya bahasha, jasho linamteremka shingoni. Mbele yake fundi lifti, ovaroli ya kijivu, mabega mapana, alikuwa akibishana na karani wa dirishani. Mkononi ana barua saba zilizofungwa kwa mpira, hazijafunguliwa, anataka zirudishwe zilikotoka.

Dada akachungulia, macho hayana pazia. Barua zilikuwa za shirika lake, lile linalochangisha pesa za kutibu watoto wenye matatizo ya moyo. Na aliyekuwa akitunza orodha ya wachangiaji, majina, simu na anwani zao, ni yeye mwenyewe.

"Hizo zimetoka kwetu, kaka."

"Basi nimekuokolea safari," akajibu fundi, akazibwaga juu ya maboksi yake.

Nje, ukutani penye kivuli, akamweleza. Mama yake alichangia miaka mingi, na sasa mwaka mzima yuko kaburini, lakini barua za kumwita mpendwa haziishi. Shida ni baba. Mzee alipigwa na kiharusi, kumbukumbu zikamponyoka. Akiona jina la mkewe kwenye bahasha, ananyoa ndevu, anavaa suti, anakaa sebuleni kumsubiri. Akiambiwa alishafariki, analia kama habari imefika leo.

"Nimemwambia mara nne," alisema. "Ya tano sitaiweza."

Dada akaahidi kulishughulikia, akaomba namba ya simu ili ampe jibu. Jibu gani la kupigiwa kila jioni? Mwezi haujaisha, anaitwa Bi Orodha, naye anamwita Fundi wangu. Fundi akauliza kama na yeye yumo kwenye orodha. Akaambiwa yumo, ila kwenye safu ya wasioaminika. Wakacheka mpaka salio likaisha.

Sasa sikilizeni alichokifanya huyu dada, maana mimi mwenyewe kikinijia huwa nasonya. Mkurugenzi alikuwa amekataza jina lolote lisifutwe kabla ya ripoti ya mwaka, eti wafadhili wakubwa hupenda orodha ndefu. Kwa hiyo wafu walikaa humo pamoja na wazima, na wengine wameandikwa mara mbili. Angeweza kubisha. Angeweza hata kuandika neno moja tu, "amefariki", kwenye nafasi ya maelezo. Akaogopa maswali. Akamhamishia yule mama kwenye kundi walilokuwa wakiliita la walionyamaza, watu wasiochanga tena na wasioandikiwa barua. Kisha akapiga simu.

"Nimemtoa, mpenzi. Ondoa wasiwasi."

Na kweli barua zikakoma. Miezi minane mzee akatulia, akanenepa kidogo, akawa anasikiliza redio yake bila kumngoja mtu. Fundi akaanza kutaja ndoa. Wakapatana kwamba Jumapili fulani dada aje nyumbani, atambulishwe kwa baba mkwe.

Wiki hiyohiyo mkurugenzi akaamua walionyamaza wapigiwe simu wote, waalikwe kwenye hafla ya shukrani. Orodha aliichapisha dada kwa mkono wake, akawagawia wapigaji simu karatasi zikiwa bado na joto. Hakuipitia. Majina elfu mbili, nani ayapitie?

Namba ya mama ilikuwa ile ya simu ya mezani, na aliyepokea ni mzee. Sauti tamu ya msichana ikamwambia mama anasubiriwa ukumbini Jumamosi saa nne.

Mzee akatoroka nyumbani peke yake, amevaa suti, akavuka barabara tatu. Akasimama mlangoni mwa ukumbi na kumtazama usoni kila mwanamke aliyeingia. Dada alikuwa hapohapo akigawa beji. Hakuwa amewahi kumwona. Mara mbili alimwomba asogee, awapishe wageni. Fundi alimpata saa tisa, ukumbi umeshafungwa na wote wameondoka, suruali imelowa, miguu imevimba, bado anangoja.

Jioni simu ikaita.

"Ulisema umemtoa."

"Nilimhamisha, Fundi wangu. Nilidhani huko hawatamgusa."

"Umemhamishia wapi? Mama yangu yuko kaburini."

Akakata. Dada alipiga mara kumi na moja, haikupokelewa. Njia ya mwongo fupi, na yake iliishia hapo. Jumatatu alifuta wafu wote aliowajua, mmoja baada ya mwingine, mkurugenzi akifoka mgongoni mwake, akapewa barua ya onyo. Jumapili akaenda nayo kwa Fundi, kana kwamba barua ya onyo ni posa.

Mzee alikuwa sebuleni na suti yake. Tangu Jumamosi alikuwa amekataa kuivua, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kitu.

"Wewe ndiye wa ofisini?" akauliza kwa furaha. "Mke wangu ameshatoka huko?"

Dada akamgeukia Fundi.

"Usinitazame mimi," Fundi akasema. "Leo mwambie wewe."

Akapiga magoti, akamshika mzee mikono, akamwambia.

"Lini?"

"Karibu miaka miwili sasa, baba."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Kisha akalia, na dada naye akalia, na Fundi akasimama dirishani amewapa mgongo mpaka wote wawili wakachoka.

Mlangoni dada akaomba msamaha. Fundi akamwambia amemsamehe, na alikuwa anasema kweli.

"Lakini siwezi kukuoa. Kila ukiingia humu nitakusikia ukimwambia."

"Nikiomba unipe muda?"

"Usiombe."

Akafunga mlango taratibu. Dada hajafika kwenye ngazi, akasikia mzee akiuliza huko ndani, sauti imetulia kabisa, mama yako atarudi saa ngapi.