Saa Aliyozikwa Nayo Mzee Tam

Sau-ying, tuliyepakana naye ukuta kule Guangzhou, alikuwa fundi wa saa feki. Usimcheke. Mafundi wengine hubandika mishale ya pambo kwenye vile vijisaa vidogo vilivyo ndani ya uso wa saa, mradi ionekane. Ya kwake ilizunguka kweli. Ukibonyeza kitufe inasimama, ukibonyeza kingine inarudi mwanzo.

Asubuhi moja ya mvua, Sau-ying akinywa uji wa mchele na mumewe Wing-fat, aliingia Tam Gwok-hung, muuza vitambaa, utepe mweusi wa msiba mkononi. Akaweka mezani saa ya Uswisi ya marehemu baba yake.

"Dada, mzee aliniapisha nimzike nayo. Nitengenezee pacha wake."

"Umzike na feki?" Wing-fat akacheka. "Mzee yule? Alikuwa anakagua hata mifupa ya samaki!"

"Maiti hakagui, kaka."

Sau-ying alisita. Lakini saa ile ilikuwa tamu kwa fundi, na kazi ikamnogea. Alinakili kila mkwaruzo. Alisugua kitufe cha juu hadi kikalika upande uleule ulioliwa na kidole gumba cha mzee. Uso wa saa aliulowesha kwenye majani ya chai mpaka weupe wake ukazeeka. Mshale mrefu wa saa halisi haukurudi juu sawasawa, ulikomea kando kwa upana wa unywele. Naye wa kwake akaukomesha papo hapo. Mwisho, asije akajichanganya mwenyewe, alitia nukta ya wino wa buluu chini ya uso wa ile feki, mahali pasipoonekana hadi saa ifunguliwe.

Mzee alizikwa mlimani, kijijini kwao. Tam aliogopa kumgusa baba yake, hivyo Sau-ying ndiye aliyemfunga ile feki; ile halisi Tam aliivaa mwenyewe, mkono wa kushoto. Mkono ulikuwa baridi, mgumu. Alipokaza mkanda, kidole gumba kilijikunja kuelekea kitufe.

Hakumwambia mtu.

Wiki haikuisha. Mchana kweupe, akiwa peke yake mezani, saa zote alizokuwa anazitengeneza zilianza kukimbia. Hakuna aliyebonyeza. Zikasimama kwa pamoja. Mishale yote mirefu ilikomea kando, kwa upana wa unywele.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Tam, mweupe kama unga.

"Dada," akanong'ona, "ulinipa ipi?"

Kioo cha saa mkononi mwake kilikuwa kimejaa ukungu kwa ndani. Sau-ying akaifungua. Udongo mwekundu ukamwagika mezani. Mbichi. Akaupangusa, akainua uso wa saa kwa kibano.

Nukta ya buluu.

"Hii ndiyo niliyomfunga mzee," Sau-ying akasema. "Umeivua lini?"

"Sijaivua tangu mazishi. Hata nikioga."

"Basi nani aliyekuvua?"

Tam alikuwa anausugua mkono wake wa kushoto, kama mtu aliyeshikwa na ganzi.

Walikwenda mlimani siku hiyohiyo, jua likiwaka. Kaburi lilikuwa shwari. Udongo haukuguswa, hata mashada yalikuwa palepale. Tam akawasha udi, akapiga magoti, akaiweka ile feki juu ya kaburi.

"Baba, nisamehe. Yako unayo. Na hii pia chukua."

Kimya.

Kisha, chini ya udongo, *ta*.

Sau-ying aliijua sauti ile. Kitufe. Kikabonyezwa tena, polepole, kama mteja anayejaribu saa kabla ya kuikubali. *Ta.* Kimya. *Ta.*

Tam alipiga yowe, akaanguka, mkono wa kushoto umelala kando yake kama wa mtu mwingine. Mpaka leo madaktari wakiushika mkono huo hawapati mapigo. Moyo unadunda, mkono wa kulia unadunda. Wa kushoto baridi tu.

Sau-ying aliacha ufundi. Siku hizi anauza tambi sokoni, na hakuna saa hata moja nyumbani mwake.

Majuzi walikuwa wakivuka barabara, Wing-fat akamshika mkono. Akasimama ghafla, magari yakiwapigia honi.

"Mke wangu, hiki nini?"

Kwenye kifundo cha mkono wa kushoto wa Sau-ying palikuwa na ukanda mweupe wa ngozi isiyopigwa jua, na katikati yake duara. Ubavuni mwa duara, vishimo viwili vidogo, mahali ambapo vitufe hukandamiza nyama.

Sau-ying hajawahi kuvaa saa maishani mwake.