Kasha Lililongojea Kamera

Kila siku Greta Halvorsen alipotoka shule, kazi zake zilikuwa zilezile. Alibadilisha viatu, akawanywesha ndama maziwa, akaokota mayai huku kuku wakimsema vibaya, kisha akaingia jikoni kumsaidia babu yake kumenya viazi. Mama alikuwa katika kiwanda cha jibini mpaka jioni, kwa hiyo nyumba ile ya shambani, kaskazini mwa Wisconsin, ilikuwa chini ya utawala wa Babu Orville, mzee mrefu mwenye maneno machache na masikio makubwa. Baada ya chakula, kuzungumza kulipigwa marufuku. Saa ya “Wawindaji wa Ghala” ilikuwa imefika.

Mtangazaji wa kipindi hicho, Chet Barlow, alikuwa bwana mwenye kofia pana na meno meupe kupita kiasi. Alizunguka majimbo yote akiwabishia hodi wakulima. Alifungua maghala yaliyosahauliwa, akapekua vumbi, na kila wiki alitoa kitu cha kale: taa ya treni, bango la mafuta ya gari, baiskeli iliyopandwa na watu waliokwisha kufa. “Mama yangu!” alipaza sauti. Akabishana bei na mwenye mali, wakapeana mikono, kisha akakiuza kitu hicho mjini kwa bei ya kutisha. Greta alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alimwamini Chet kuliko kitabu cha sayansi.

“Siku moja atakuja kwetu,” alisema.

“Atakuja kukununua wewe,” alijibu mdogo wake, Dewey. “Kitu cha kale, kimepinda, hakifanyi kazi.”

Basi, siku moja kweli ikaja barua pepe. Mama alikuwa ametuma picha za ghala lao, ghala jekundu alilolijenga baba yake Babu Orville alipoufyeka msitu uliofunika shamba hilo. Wenye kipindi walilipenda. Ghala lenyewe halikuulizwa. Laiti lingejua kwamba siku zake zinahesabika, pengine lingekataa kupigwa picha.

Lakini kabla ya Chet alifika mtu mwingine: Paige, mtayarishaji, akiwa na vijana wawili waliovaa glavu nene. Walikagua kila ubao wa sakafu. Waliondoa kiota cha nyigu. Walitoa nje kila kitu kilichokuwamo, wakachagua saa ya ukutani, mkebe wa mafuta na kiti cha kinyozi, kisha wakaketi jikoni na Babu wakakubaliana bei kwa kahawa na biskuti. Halafu wakarudisha vitu vyote ghalani, na kijana mmoja akafungua mfuko akavinyunyizia vumbi kwa chekeche, taratibu, kama mpishi anayetia sukari juu ya keki.

Greta alisimama mlangoni, kinywa wazi. “Kwa nini mnavichafua?”

“Ili Chet avigundue, mpenzi,” alisema Paige.

“Lakini mmeshavigundua nyinyi!”

“Ndiyo. Sasa atavigundua vizuri zaidi.”

Dewey alicheka mpaka akakaa chini. Greta hakucheka. Usiku ule alijiona kama mtu aliyechungulia nyuma ya madhabahu akamkuta mchungaji anakula karanga. Angeweza kuacha kuamini, yakaisha. Badala yake akaamua jambo la hatari zaidi: kwamba katika kipindi cha ghala lao, angalau kitu kimoja kitagunduliwa kweli.

Ukingoni mwa msitu kulikuwa na kibanda cha mawe. Kilikuwa mbali na nyumba, mbali na zizi, mbali na kila kitu, na hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu mvivu wa kutembea kama baba yake Babu alijenga kibanda mbali hivyo. Mlango wake ulipigiliwa misumari. “Sakafu imeoza,” Babu alikuwa akisema. “Msiingie.”

Ijumaa, siku moja kabla ya Chet kufika, joto la Septemba lilikuwa zito na hata mbu walionekana kuchoka. Greta alisukuma toroli hadi kibandani, akang'oa ubao mmoja, akaingia. Sakafu ilikuwa nzima kabisa. Hilo lingepaswa kumshtua. Gizani, juu ya mawe, aliona kasha la mbao lenye maandishi mekundu yaliyofifia: HATARI. BARUTI.

Moyo wake uliruka kwa furaha. Kwa furaha! Maana aliwahi kumwona Chet akinunua kasha kama hilo, na mama mmoja wa mjini akalilipia pesa nyingi ili aweke magazeti yake. Kweli, kasha la Chet lilikuwa tupu, na hili lilikuwa zito kama ndama. Lakini Greta alilifikiria jambo hilo kwa akili yake yote, akaamua kwamba baruti ya miaka mingi hivyo imekwisha kuchacha, kama soda iliyoachwa wazi.

Alilikumbatia, akaliburuta, akalipakia. Mbao za chini zilikuwa na unyevu unaonata, wenye harufu tamutamu, nao ukampaka viganja na mikono. Njiani toroli liliingia katika shimo, kasha likaruka na kugonga ukingo wa chuma. Greta alisema, “Pole,” kama anayeongea na mtoto, akaendelea. Ghalani alilisukuma nyuma ya magunia, akalinyunyizia vumbi kidogo. Alikuwa ameshajua kazi.

Jioni kichwa kilianza kumgonga. Si maumivu ya kawaida. Yalikuwa kama mtu anapasua kuni ndani ya fuvu lake. Viazi havikupita.

“Kichwa kimefanya nini?” Babu aliuliza.

“Jua,” alisema Greta.

Babu alimtazama kitambo, akamwekea kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso. Familia ikalala. Ghala nalo lilikuwa palepale, upande wa pili wa ua, likiwa na mgeni wake nyuma ya magunia.

Asubuhi, Mama akiwa zamu kiwandani, magari yalijaa uani. Chet alishuka kwenye gari lake, akabisha hodi, na Babu akafungua mlango. Babu alikuwa ameambiwa ashangae.

“Karibu,” alisema Babu kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba, “mtu nisiyekujua kabisa.”

“Mzee Halvorsen, usiseme hivyo,” alilalamika Paige. “Rudieni!”

Walirudia mpaka Dewey akaanza kumsaidia Babu kwa kumwonyesha sura za mshangao. Hatimaye Chet na mpiga kamera mmoja waliingia ghalani, Dewey akiwafuata nyuma. Kamera ya pili ilibaki barazani, kwa kuwa Paige alitaka Babu asimulie maisha ya baba yake. Greta alikaa kwenye ngazi, ameshika kichwa kwa mikono miwili, akisikiliza.

Kutoka ghalani sauti ya Chet ilisikika. “Mama yangu!” Na mara hii haikuwa ile aliyoifanyia mazoezi. Ilikuwa ya kweli. “Nani ameliona hili? Paige hakuniambia! Jamani, ni zito. Kuna kitu ndani. Nileteeni mtaimbo!”

Greta alitabasamu licha ya maumivu. Kitu kimoja cha kweli. Alikuwa amefaulu.

“...ardhi hii ilijaa visiki,” Babu alikuwa akisimulia. “Baba alivipasua kwa baruti za vijiti. Wakulima wote hapa walifanya hivyo. Siku akizishika kwa mikono mitupu, jioni hali chakula. Kichwa kinamgonga mpaka kesho yake. Sumu yake inapita kwenye ngozi. Mama alikuwa anajua kwa kumtazama tu, anamwambia, wewe leo umeshika—”

Babu aligeuka. Alikuwa akimtazama Greta.

“Greta,” alisema polepole. “Jana ulishika nini?”

Kamera iligeuka ikamtazama pia. Lile neno “jua” lilikuwa pale, tayari kwenye ulimi, na lingemfaa vizuri. Kibanda kilikatazwa. Kipindi kingeharibika mbele ya watu wote hawa. Lakini ndani ya ghala kulikuwa na Dewey, na mtu mwenye mtaimbo.

“Kasha la kibandani,” alisema. “La baruti. Nimeliweka mimi.” Kisha akasimama akapiga kelele kwa nguvu zake zote: “Chet! Usilifungue! Kuna baruti ndani!”

Kicheko kilisikika kutoka ghalani.

“Mnasikia, watazamaji?” alisema Chet. “Baruti! Haya, na tuone!”

“Safi sana,” mpiga kamera aliyekuwa naye alimwambia. “Binti ana kipaji.”

Walidhani anaigiza. Mahali ambapo hata vumbi lilikuwa la kuigiza, nani angemwamini? Greta alitaka kukimbilia ghalani, lakini mkono wa Babu ulimdaka kwenye ukosi.

“Baki hapa. Usikimbie. Mtu yeyote asikimbie.”

Babu akavuka ua. Alitembea kama mtu anayekanyaga barafu changa juu ya ziwa. Greta aliona mgongo wake ukiingia kwenye giza la mlango, kisha akasikia sauti yake, tulivu kama ya mtu anayembembeleza ng'ombe mkali.

“Bwana Chet. Weka huo mtaimbo chini. Si kuutupa. Uweke, kama unamlaza mtoto.”

Chet bado alikuwa anacheka.

“Mzee, hii ni sehemu ya—”

“Hapana. Tazama pale kwenye pembe. Unaona ile chumvi? Si chumvi.”

Chuma kiligusa sakafu, taratibu.

“Dewey,” alisema Babu, “shuka kwenye magunia. Polepole. Njoo kwangu.”

“Babu, nina—”

“Njoo.”

Walitoka mmoja mmoja. Chet alitoka wa mwisho, bila kofia, bila tabasamu lake la televisheni. Alifika barazani, akaketi kwenye ngazi kando ya Greta, akatazama mikono yake.

“Nilikuwa nimeshaingiza ncha chini ya kifuniko,” alisema, bila kumwambia mtu yeyote.

Polisi wa wilaya walikuja, na baada yao wataalamu wa mabomu kutoka mjini. Mkubwa wao alikuwa mama mfupi aitwaye Renata. Ng'ombe walihamishiwa kwa jirani, barabara ikafungwa, Greta akaoshwa mikono mpaka ngozi ikauma. Renata alituma mashine ndogo yenye magurudumu na kamera ndani ya ghala, akaangalia skrini yake kwa muda mrefu.

“Limetoa jasho,” alisema. “Baruti ikizeeka haichachi. Inavuja, inaganda kama chumvi, na mguso mdogo unaweza kuilipua. Nani alilitoa kibandani?”

Greta aliinua mkono.

“Kwa nini? Kwa gari?”

“Kwa toroli.”

“Njia ile? Yenye mawe?”

“Ndiyo, mama. Liligonga kidogo.”

Renata hakumgombeza. Aliketi kwenye bampa ya lori lake, akajifuta jasho usoni. Kule kukaa kwake kulimtisha Greta kuliko kelele yoyote.

“Mzee,” alimwambia Babu mwishowe, “lingekuwa bado kibandani, tungelilipua hukohuko na ungepoteza mawe tu. Sasa liko ghalani, na siwezi kumtuma mtu wangu alibebe mara ya pili.”

Babu alitazama ghala la baba yake. “Fanya kazi yako, mama,” alisema.

Walisimama mbali, nyuma ya kilima. Mlipuko wa kwanza ulitoka msituni, maana kibandani yalikuwamo makasha mengine. Kisha ukaja wa pili. Ardhi ilipiga nyayo za Greta kutoka chini. Mbao nyekundu zilipanda angani juu sana, zikageukageuka bila haraka, zikaanza kurudi. Madirisha yote ya nyumba yalivunjika. Hakuna aliyeumia. Dewey alimshika dada yake mkono, akaukaza.

Kipindi kilionyeshwa majira ya baridi. Familia ilikaa mbele ya televisheni, blanketi magotini. Chet aliushika mlango wa ghala lao, akausukuma, na mara akawa ndani ya ghala jingine kabisa, la watu wengine, akipangusa vumbi kwenye saa ya ukutani. “Mama yangu!” Baadaye akapeana mkono na Babu, mkono uliopigwa picha asubuhi ile kabla ya yote. Kuhusu kasha, hakuna hata neno. Mwishoni kamera ilipanda angani ikaonyesha ghala jekundu, zima, linang'aa kwenye jua.

“Limesimama!” alisema Dewey.

Greta alitazama dirishani. Theluji ilikuwa inajaza shimo.

“Babu,” aliuliza, “kwa nini hawakusema?”

Babu alizima televisheni. “Kwa sababu ukweli haukukaa vizuri kwenye kipindi chao. Hilo ni lao. Sasa nisikilize lako. Chet anafungua mlango bila woga kwa kuwa wengine wametangulia na glavu, wamekagua sakafu, wametoa nyigu. Yeye hakuonyeshi hao, nawe ukadhani kuingia mahali usipopajua ni mchezo. Kitu cha zamani usichokijua usikiguse. Mwite mtu mzima, simama mbali.”

“Ndiyo, Babu.”

“La pili. Ile jioni nilikuuliza, ukaniambia jua. Tukalala, sisi sote, mama yako na ndugu yako, na lile kasha liko ghalani. Ni kwa bahati tu baruti haikulipuka usiku ule. Kesho yake ulisema kweli mbele ya watu waliokucheka, na ndiyo maana Dewey yuko hapa ananiibia blanketi. Ghala ni mbao, nitajenga jingine. Lakini kweli iseme mapema, Greta, wakati bado kuna anayeweza kukuamini.”

Greta aliitikia kwa kichwa. Kisha akamgeukia mama yake, akamwambia, bila kuulizwa, kwamba mwaka uliotangulia pia aliwahi kung'oa ubao wa mlango wa kibanda kile, akaogopa giza na kuurudisha.