Salamu kwa Mwenye Nyumba

Kila alasiri alipotoka shuleni, Sahara alivua viatu mlangoni, akamsalimu ayeyo wake, bibi mzaa mama, kisha akavikusanya vibuyu ambavyo mama alirudi navyo sokoni. Mama yake, Roda, aliuza maziwa ya ngamia katika soko la Garissa. Kazi ya Sahara ilikuwa kuviosha vibuyu hivyo na kuvifukiza kwa kijinga cha moto ili maziwa ya kesho yasiharibike upesi. Ayeyo aliketi karibu naye mkekani, akimpigia hadithi huku moshi ukiwatoa machozi wote wawili.

Mwaka huo wa 1999, hadithi zote za ayeyo ziliishia kwa mtu mmoja. Huyo alikuwa Abti Salah, mjomba wa Sahara, aliyekwenda Marekani miaka mitatu nyuma. Ayeyo hakujua kusoma, kwa hiyo yeye na mwanawe waliandikiana kwa sauti. Salah alijirekodi kwenye kaseti, akampa msafiri anayekuja nyumbani. Ayeyo alisikiliza, akajirekodi naye, akatafuta msafiri anayekwenda. Lakini sasa mwaka mzima ulikuwa umepita bila msafiri wala kaseti. Kilichobaki ni namba ya simu kwenye kipande cha karatasi. Waliipiga mara mbili kutoka posta, nayo ikalia tu bila kupokewa.

Ayeyo alisema angeituma kaseti kwa posta, kama angejua mwanawe anakaa wapi. Barua haiendi kwa namba ya simu.

Sahara akamkumbuka binamu yake, Noordin, aliyekuwa karani katika ofisi ya shirika la misaada. Ofisini kwao kulikuwa na kompyuta yenye intaneti, na Noordin alikuwa amesema kwamba huko Marekani vitabu vya simu vimeingizwa ndani ya kompyuta. Ukiandika namba, unaonyeshwa nyumba. Ayeyo alipoelezwa alicheka. "Basi huyo kompyuta ana ukoo mkubwa kuliko wetu," alisema. "Anawajua watu wote na hajanywa chai kwa yeyote."

Noordin aliomba ruhusa kwa mkubwa wake, na Jumatatu baada ya kazi akamkaribisha Sahara ofisini. Aliziandika tarakimu moja moja. Ukurasa ulifunguka polepole, mstari baada ya mstari, hata Sahara akadhani mashine imelala. Hatimaye likatokea jina, na chini yake namba ya nyumba, mtaa na mji.

Jina halikuwa la Salah. Lilikuwa Jelle Nunow.

"Simu imeandikishwa kwa jina la mtu mwingine," Noordin alisema huku akinakili. "Labda wanakaa pamoja. Labda abti amehama. Mweleze ayeyo kabla hajatuma kitu, umesikia?"

Sahara alisikia. Lakini alipokaribia nyumbani alimwona ayeyo amesimama kwenye lango la ua, mkono mmoja umeshika mti, anamngoja. Ayeyo hakuwa na kawaida ya kumngoja mtu langoni. Moyo wa Sahara ukayeyuka. Aligeuka kando, akachana sehemu ya juu ya karatasi yenye jina, akaificha ndani ya daftari lake la hesabu.

"Tumempata abti," alisema.

Ayeyo alimbusu kwenye paji la uso, akaagiza aletewe kaseti mpya na redio ya kurekodia. Aliwaomba wote watoke chumbani, isipokuwa Sahara wa kubonyeza vitufe. Alianza kwa mvua, ngamia na harusi za jamaa. Kisha akashusha sauti.

"Salah, mwanangu, jicho langu la kushoto halioni tena, na la kulia limeanza kulifuata. Sijamwambia Roda, mizigo yake inamtosha. Na wewe usimwambie mtu. Nataka nikujue kwa uso, siku utakayorudi."

Sahara alibonyeza kitufe cha kusimamisha. Maneno haya yangemfikia mtu asiyemjua! Na je, kama Jelle huyo angeitupa kaseti? Ayeyo angekaa akingoja jibu lisilokuja, na macho yake yakizidi kufifia. Jioni hiyo Sahara hakuweza kumaliza chakula chake.

Asubuhi, mama alipokuwa akiiweka bahasha kwenye kikapu ili aipitishe posta, Sahara alileta daftari la hesabu. Alimpa ayeyo kile kipande cha karatasi, akaeleza yote huku akitazama miguu yake. Mama alikasirika na kufungua mdomo, lakini ayeyo aliinua mkono.

"Kwa nini ulilichana?"

"Sikutaka uhuzunike, ayeyo."

Ayeyo alikigeuzageuza kipande kile mkononi kwa muda mrefu. Hakuweza kukisoma, na sasa hata kukiona vizuri hakuweza.

"Roda," alisema, "keti. Na mimi kuna jambo nimelichana."

Akamwambia bintiye habari za jicho. Mama alilia kidogo, kisha akajifuta na kusema kwamba kesho maziwa yatauzwa na jirani. Wao wataenda hospitali.

"Sasa tuje kwa huyu Jelle," ayeyo alisema. "Mtu akifika kwenye boma la watu, hasimami nje ya ua akimwita mwanawe. Humsalimu kwanza mwenye boma."

Ile kaseti ya siri aliiweka sandukuni. Akarekodi nyingine, fupi, ya kumwamkia Jelle. Alijitambulisha kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, akamwombea afya, akamshukuru kwa wageni wote aliowahi kuwafungulia mlango. Mwishoni tu ndipo alipoomba: kama unamjua Salah, mwambie mama yake anamsalimu. Safari hii Sahara aliandika juu ya bahasha jina la Jelle Nunow, herufi kubwa kubwa.

Miezi miwili ilipita. Ayeyo alipasuliwa mtoto wa jicho la kulia, bandeji ikaondolewa, akaanza kumwambia Sahara kwamba vibuyu havijatakata. Ndipo mama alipotoka posta na kifurushi.

Sauti ya kwanza haikuwa ya Salah. Ilikuwa ya Jelle, kijana aliyesema kwamba mama yake yuko Banissa, mbali kaskazini, na kwamba hakuna mama aliyemsalimu kwa miaka minne. Aliisikiliza kaseti mara tatu. Salah alikuwa mgeni wake, akahamia mji mwingine kutafuta kazi, na Jelle alikuwa amempelekea kaseti yeye mwenyewe, safari ya saa sita kwa basi. Kisha ikaja sauti ya pili, imekauka kwa kilio, nayo ikataja anwani yake mpya.

Ayeyo alirudisha kaseti mwanzo ili amsikilize Jelle tena. Sahara aliegemea bega la mama yake, akauliza kwa sauti ndogo kama bado amemkasirikia.

"Kidogo," mama alisema. "Ayeyo alinificha jicho kwa sababu ananipenda, na angepofuka. Wewe ulimficha jina kwa sababu unampenda, na tungempoteza Salah. Mtu unayempenda mpe ukweli mzima, mwanangu. Ukiwa mzito, tutaubeba pamoja."