Salanieta wa Kitabu cha Wageni

Mvua ya Suva, mji mkuu wa Fiji, haibishi hodi. Siku ile ilimkuta Vilimaina sokoni, amevaa gauni jekundu la maua, mkononi ana roti, chapati iliyoviringishiwa viazi. Akakimbilia chini ya bati la muuza magimbi, akajikuta bega kwa bega na kijana mrefu aliyekuwa anaikodolea macho roti yake.

"Dada, samahani. Naomba kupiga picha."

"Yangu au ya roti?"

"Ya roti. Yako nitaomba kesho."

Vilimaina akaangua kicheko, na hapo ndipo alipokwisha kazi.

Kijana huyo, Apenisa, alikuwa karani bandarini, lakini roho yake ilikuwa kwenye tovuti aliyojitengenezea mwenyewe, ya kuzisifu na kuziponda roti zote za Suva. Hakuna aliyemlipa. Leo atabadili rangi, kesho atahamisha picha, keshokutwa atairudisha ilipokuwa. Hata walipokuwa wapenzi, wakiongea kwa simu, Vilimaina alisikia vidole vikigonga kompyuta.

"Unanisikia kweli wewe?"

"Nakusikia, laazizi. Narekebisha kitu kidogo tu."

Hicho kitu kidogo hakikuwahi kwisha. Vilimaina alivumilia. Yeye naye hakuwa mtu wa maneno matamu. Miezi yote ile hakuwahi kutamka kwamba anampenda. Aliona haya, akadhani mapenzi yanaonekana tu.

Jumamosi moja Apenisa akampigia kumwambia amefungua kitabu cha wageni kwenye tovuti, wasomaji waache salamu. Vilimaina akachungulia kwenye simu pale pale kazini, kwenye duka la kushona nguo. Salamu ya kwanza ilitoka kwa Salanieta: "Apenisa wangu, nakupenda kuliko kitu chochote." Ya pili, Salanieta tena: "Rudi mapema, nakungoja."

Wivu ukampanda hadi utosini. Akapiga simu.

"Salanieta ni nani?"

"Mungu wangu! Sikumfuta!"

"Kumbe ulitaka kumfuta nisimwone!" Akakata.

Haikupita muda, Apenisa akaingia dukani amelowa chapachapa, kompyuta kaikumbatia ndani ya mfuko wa plastiki.

"Vili, hayupo huyo mtu! Ukitengeneza kitabu cha wageni lazima ukijaribu kwanza, uone maandishi yanakaa vipi. Nikabuni mgeni. Nikasahau kumwondoa kabla ya kukifungulia watu."

Mafundi wawili wakasimamisha vyerehani. "Huyu anajua kudanganya," mmoja akanong'ona.

"Wa kujaribu si angeandika moja, mbili, tatu?" Vilimaina akafoka. "Mapenzi ya nini?"

Apenisa akainamisha kichwa, maji yakimdondoka puani.

"Niliandika ninachotamani kusikia. Kutoka kwako. Wewe huniambii."

Hasira ya Vilimaina ilikwisha, lakini wivu ukamuuma zaidi ya mwanzo, maana mwanamke asiyekuwepo duniani alikuwa amemtangulia kusema.

"Fungua hiyo kompyuta. Mfute, nikiona."

Apenisa akamfuta. Vilimaina akahakikisha mara mbili. Kisha akamshika shati lake lililolowa na kusema kwa sauti iliyofika hadi barabarani:

"Nakupenda, Apenisa. Umesikia? Na akitokea mwingine wa kukuambia hivyo, awe wa kweli, awe wa kubuni, atanitambua!"